Bomba Alilolipita Mama Yako

Martina, mama yangu,

Umeshuka mjini Karatu tangu asubuhi kununua kufuli la sanduku na kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi hatakuachia mpaka umekula. Kwa hiyo mchana huu ni wangu. Kaka yako amenisogezea meza dirishani, penye jua, kwa maana baridi ya mwezi huu imeniingia kifuani na haitaki kutoka. Nikichoka nitaweka kalamu chini, nikipata pumzi nitaishika tena. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka kama wa mtoto wa darasa la pili, usicheke. Leo mkono wangu una sababu yake, nitakueleza.

Sitakuandikia habari za sweta wala viatu vya matope. Hayo shangazi amekwisha kukuimbia. Kazi ya utendaji wa kijiji umeisomea chuoni, mimi sikuisomea, kwa hiyo nayo sina la kukufundisha. Nina jambo moja tu. Daktari alizungumza na kaka yako uani akidhani sisikii, kumbe masikio ndiyo kitu pekee kilichobaki kizima kwangu. Siogopi sana. Ila jambo hili sitaki kwenda nalo huko ninakokwenda, na wewe ndiye mwenye haki nalo. Lilipotokea ulikuwa tumboni mwa mama yako. Na sasa unakwenda Ngorongoro kukaa mbele ya watu, penye meza kama ile niliyokaa mimi, uwaulize wanataka nini.

Unakumbuka siku uliyoniuliza habari za bomba? Ulikuwa hujaanza shule bado. Tulikuwa tumekaa kizingitini, mama yako akapita na ndoo yake na kata kichwani, akalipita bomba la getini kwetu kana kwamba ni mti tu umesimama pale, akashika njia ya kwenda chini.

"Baba, mbona mama anaenda mbali na maji yako hapa?"

"Mama yako anapenda chai ya maji ya chemchemi. Anasema ya bomba yana ladha ya chuma."

"Mimi sisikii chuma."

"Wewe bado mdogo."

Ukaridhika. Ukawa unawaambia watoto wenzako kwamba mama yako ana ulimi mkali kuliko mama zao wote. Nilikusikia, nikanyamaza, nikaacha ukue na uongo huo. Mama yako hakuwahi kusema neno lolote juu ya ladha ya maji yale. Hakuwahi kuyaonja.

Unakijua kitongoji chetu kilivyokaa. Sisi wa juu tuko barabarani: kanisa, shule, maduka, na asubuhi ikiwa safi tunaona mashamba ya Rhotia na wingu lililolala juu ya msitu wa Ngorongoro. Wenzetu wa bondeni wako huko mteremko unakoanzia. Chemchemi haiko kwao, iko chini zaidi, ndani ya korongo, mwisho wa ile njia ya udongo mwekundu ambayo mvua ikinyesha hata punda anashuka kwa makalio. Sisi tulikuwa na mapaa ya bati na matangi ya mvua. Wao walikuwa na chemchemi peke yake, na ng'ombe waliinywa pamoja nao.

Mradi wa maji ulipofika, mimi nilikuwa mwalimu mkuu na pia mwenyekiti wa kitongoji. Tuliambiwa tutapata bomba moja, tuchague wenyewe mahali. Fundi alituambia wazi kwamba bondeni kunafaa vizuri zaidi, kwa sababu maji yanashuka yenyewe, kazi ni kuchimba mtaro tu. Nilimshukuru kwa maelezo yake.

Mkutano wa mwezi ulikuwa, kama ulivyo hadi leo, kwenye kibanda cha mashine ya kusaga. Siku ya mkutano mashine huzimwa, watu wanakaa kwenye magunia na mabenchi yenye vumbi la unga, wakiinuka wote wana makalio meupe. Wa juu walizungumza sana siku ile. Bomba likiwa barabarani, walisema, watoto wa shule watakunywa, wageni wa kanisa watanawa, hata magari ya watalii yatasimama. Mimi niliongoza vizuri sana, nilimpa kila aliyenyoosha mkono nafasi yake. Wa bondeni hawakunyoosha. Walikuwa wamekaa upande wa mlango, wanawake wengi kuliko wanaume, wakiangalia chini.

Nikauliza, "Kuna anayepinga?"

Kimya.

"Narudia, kuna mwenye neno?"

Kimya. Nikasema, "Imepita."

Martina, wewe umezaliwa humu, sina haja ya kukueleza kimya chetu. Sisi Wairaqw mtu akitukosea hatumfuati kumpigia kelele. Tunaacha kuomba moto kwake. Tunaacha kupita uani kwake. Mtu akinyamaza mbele ya wenzake huku anaangalia chini, amekwisha kusema, na aliyemsema amesikia. Babu yako hakujua kusoma, lakini angeingia kwenye kibanda kile angeniambia papo hapo: hawa wamekukatalia. Nami nilijua. Lakini chuoni nilifundishwa uendeshaji wa vikao, kwamba asiyepinga amekubali. Nilikuwa na elimu mbili kichwani, ya nyumbani na ya shule, na siku ile nikachagua ile iliyonifaa. Hilo ndilo kosa. Mtu asiyekijua kimya hicho, mgeni kutoka mbali, angesamehewa.

Na kana kwamba hilo halikutosha, nilipewa nafasi ya pili. Mzee Boay, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akitufungia mikutano kwa slufay, ile dua yetu ya wazee ambayo mmoja anatamka na wote wanaitikia kila mstari. Alisimama na fimbo yake akaanza. Waliitikia wa juu peke yao. Upande wa mlango haukutoka hata mguno. Akatamka mstari wa pili, wa tatu, akasimama. Dua isiyoitikiwa haiendi popote, wewe unajua. Aliniangalia. Hakunilaumu kwa macho, alikuwa ananingoja tu. Nami nikaangalia saa na kusema, "Muda umekwenda, ndugu zangu, tusimame tusali Baba Yetu." Wote wakasali, maana nani atakataa Baba Yetu? Mashine ikawashwa tukaenda zetu.

Sasa nikuambie kwa nini nililitaka bomba pale. Watu walidhani ni ukubwa, na ukubwa ulikuwepo kidogo, sikatai. Lakini kilichonisukuma kilikuwa mama yako. Alikuwa na mimba yako, na mimba yako ilikuwa nzito. Tangi letu lilikuwa limepasuka mwaka ule, naye alikuwa anashuka korongoni na kupanda na ndoo kichwani na wewe tumboni, anafika nyumbani midomo imekauka. Mimi nilikuwa nikimtazama kutoka dirisha la ofisi ya shule. Kila siku nilisema moyoni nitampumzisha. Kumnunulia tangi jingine sikuweza, bomba likaja kama jibu la sala. Nilidhani nampa zawadi.

Siku maji yalipotoka nilimwita aje aone. Nikafungua mwenyewe. Yalikuwa yanaruka, meupe kwa nguvu, watoto wanapiga makofi. Mama yako alikuja akasimama, mkono mmoja kiunoni namna ya wanawake wajawazito. Akatazama maji, akanitazama mimi. Nikasema, "Basi mama, umepumzika." Kesho yake, kabla umande haujakauka, alichukua ndoo, akalipita bomba, akashuka.

Yeye naye alikuwa kwenye ule mkutano. Alikaa upande wa mlango, na marafiki zake, na Mama Fabiola ambaye walikuwa wakiteka maji pamoja tangu wote wawili walipoolewa humu. Sikuwa nimemwona. Au nilimwona nikamhesabu kuwa ni wa juu, kwa sababu ni mke wangu.

Nilijaribu mara moja tu. Nilimwambia, "Watu wanatucheka, mke wa mwalimu anapita bomba lake." Akasema, "Wacheke." Mpaka amekufa hatukurudi kwenye neno hilo. Alinipikia, alinifulia, alinicheka nilipoanguka kwenye pikipiki, alinishika mkono nilipomzika mama yangu. Usidhani aliishi na chuki. Chuki ningeifahamu. Aliacha tu kitu kimoja kisiguswe, na kila asubuhi alikwenda kukionyesha kwa miguu yake. Mimi nilijiambia kwamba nyumba yangu ina amani kwa sababu haina kelele.

Hapa nimepumzika kidogo. Kaka yako ameniletea uji, akauliza naandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia naandika wosia. Ameogopa, amekwenda kukata majani ya ng'ombe.

Niendelee. Ulipoanza shule uliketi dawati moja na Fabiola. Najua kwamba hata sasa, ukimtaja, uso wako unabadilika. Fabiola alikuwa anachelewa. Darasa la tatu, la nne, la tano, kengele imelia, watu wamesimama mstarini, yeye anatokea nyuma ya jiko la shule na sketi imelowa mpaka magotini. Nami nilikuwa mwalimu mkuu asiyevumilia uchelewaji, wote wanalijua hilo, mpaka wenye wajukuu.

"Kwa nini umechelewa?"

Kimya. Anaangalia chini.

"Nakuuliza, binti. Kwa nini umechelewa?"

Kimya.

"Nyoosha mkono."

Sketi ilikuwa imelowa, Martina. Hakuna mvua, na sketi imelowa. Mtoto ametoka kubeba ndoo ya maji ikimmwagikia njiani, na mimi namwuliza kwa nini, na bomba ambalo wa bondeni hawakuligusa linanong'ona getini kwangu. Alikuwa na jibu. Angeweza kulisema mbele ya shule nzima, lakini akaniachia heshima yangu. Wewe ulikuwa unasimama mstarini unatazama. Siku moja ulirudi nyumbani ukakataa kula, nikadhani una malaria.

Fabiola aliacha shule kabla ya darasa la saba. Niliandika taarifa kwamba mzazi hana mwamko wa elimu. Niliandika hivyo hasa, maneno hayo, kwa mkono huu.

Nilikuja kuyaelewa haya yote sawasawa mama yako alipolala kitandani. Wewe ulikuwa chuoni, ulikuwa unakuja na kurudi, hukuona kila kitu. Alipokuwa hawezi tena kushuka, nilidhani sasa mambo yameisha, atakunywa ya getini kama sisi. Asubuhi ya kwanza nikasikia kwato uani. Ni punda wa Mama Fabiola, na madumu mawili, na Mama Fabiola mwenyewe nyuma yake anahema.

"Mwalimu, hodi. Maji ya mwenzangu haya."

"Mama Fabiola, bomba liko hapo..."

"Nimeliona, Mwalimu. Miaka yote nimeliona."

Akamimina, akaingia ndani, akakaa na mama yako, nikawasikia wanacheka kwa Kiiraqw kama wasichana. Alifanya hivyo mpaka siku ya mwisho. Maji tuliyomwoshea mama yako ni ya chemchemi. Nilitaka kumwomba radhi, Martina, nilitaka sana. Nilisimama mlangoni na kikombe mkononi, nikaona amelala vizuri, nikasema kesho. Hiyo kesho ndiyo sikuipata. Sisemi zaidi hapo.

Sasa habari za asubuhi hii, kabla hujazisikia kwa bodaboda na wauza nyanya.

Leo ulikuwa mkutano wa mwezi. Sikukuambia nakwenda kwa sababu ungenizuia. Ulipoondoka tu, nilimwita kijana wa bodaboda akanipakia kama gunia la mbaazi, kaka yako nyuma amenishikilia nisimwagike. Tulikwenda taratibu hata kuku walitupita. Ajenda nilikuwa nimeisikia: kitongoji kimepewa bomba la pili.

Mwenyekiti wa sasa, Gabrieli, unamfahamu, yule dereva wa watalii, nilimfundisha tangu darasa la kwanza. Kijana mzuri, mchapakazi. Alinipa kiti chenye mgongo, akasema "Shikamoo Mwalimu, umetuheshimisha," akazimisha mashine. Akaeleza kwamba bomba likae barabarani, kwenye fremu mpya za maduka, kwa sababu magari ya loji yanasimama pale na maendeleo yanakuja na barabara. Nilimsikiliza nikajisikia mimi mwenyewe. Hata mikono anaitikisa kama mimi. Wenye maduka wakaunga mkono. Upande wa mlango watu walikuwa wanaangalia chini. Mama Fabiola alikuwepo, amezeeka kama mimi, amefunga kitenge begani. Fabiola alikuwepo pembeni yake, mama mtu mzima sasa.

Gabrieli akauliza, "Kuna anayepinga?"

Kile kimya. Mwanangu, nimekijua kama unavyomjua mtu kwa kikohozi chake.

"Basi ime..."

"Mwenyekiti," nikasema.

"Mwalimu, usisimame, sema umekaa tu."

Nikasimama. Ilichukua muda. Nikasema, "Gabrieli, usilimalize neno hilo. Nililimaliza mimi mahali hapahapa na sijapona mpaka leo. Bomba la kwanza watu wa bondeni walilikataa kuwekwa pale lilipo. Walikataa kwa namna yetu, na mimi nilisikia, nikasema imepita. Nililitaka getini kwangu. Hawa nao wamekukatalia sasa hivi. Wamekuambia na hukusikia, au umesikia. Sijui. Wewe ndiye unajua."

Pumzi ikaniishia hapo. Nikabaki nimeshika mgongo wa kiti. Hakuna aliyesema kitu, na mimi nikawaza, hiki ndicho ninachostahili, na chenyewe ni kimya.

Ndipo Mama Fabiola akainuka, akajikung'uta unga.

"Mwalimu," akasema, "umechelewa."

Watu wakageuka.

"Umechelewa sana. Hebu mtukumbushe jamani, kwa Mwalimu huyu aliyechelewa alikuwa anafanywa nini?"

Kwanza wakaogopa. Kisha mtu mmoja wa nyuma, mwanamume mzima mwenye ndevu, akasema taratibu, "Nyoosha mkono." Kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko. "Nyoosha mkono! Nyoosha mkono!" Wote ni wanafunzi wangu, wote wamepita mikononi mwangu.

Gabrieli akasema, "Mama, tafadhali, tuheshimu kikao."

"Nyamaza wewe, hata wewe ulichapwa kwa kulamba chaki."

Nikanyoosha mkono. Mama Fabiola akaja mpaka pale niliposimama, akanipiga kofi la kiganjani, na wala si la mchezo. Kicheko kikakatika. Yeye hakuuachia mkono. Akaushika hivyo, ananitazama, akasema kwa Kiiraqw kitu ambacho sikuandikii hapa, kwa sababu kilikuwa ni cha mama yako.

Kisha Fabiola akasimama. Sauti yake nilikuwa sijawahi kuisikia kwenye mkutano. Akasema, "Mwalimu alikuwa ananiuliza kila siku kwa nini nachelewa. Leo najibu. Nilikuwa natoka chemchemini." Akamtazama Gabrieli. "Na mtoto wangu leo amechelewa shule. Anatoka chemchemini." Akakaa.

Baada ya hapo Gabrieli, uso umemshuka, akasema, "Basi naona tumekubaliana ni bondeni, imepi..." Nikamwambia, hapana, usiwafanyie wa juu nao vilevile, uliza benchi kwa benchi. Akauliza benchi kwa benchi, mtu kwa mtu. Jua likapanda mpaka bati likaanza kulia juu yetu, mwenye mashine akawa analalamika wateja wake wanangoja unga. Wako waliopinga. Mwenye duka la vifaa alisema maendeleo hayajawahi kuteremka korongoni, na akaondoka bila kuaga. Lakini wengi walisema bondeni, kwa midomo yao, na bomba litakaa pale njia ya chemchemi inapoanzia kushuka. Sitaliona likitoka maji. Nimelisikia likiamuliwa, inanitosha.

Hakuna tena mzee wa slufay. Gabrieli akanigeukia. Mimi ninaikumbuka vipande vipande, sikuwahi kuitamka mbele za watu. Nikaanza mstari wa kwanza kwa sauti ya mgonjwa. Wakaitikia. Nikasahau wa pili, nikaruka wa tatu, nikaomba mvua, nikaomba watoto wafike shuleni wakiwa wakavu, na huo haumo kwenye slufay yoyote niliyowahi kuisikia, nimeutia mwenyewe. Walipoitikia, sauti kubwa zaidi ilitoka upande wa mlango.

Basi ndiyo maana mwandiko unayumba, Martina. Kiganja bado kinawasha.

Unakokwenda ni kwa wafugaji. Mikutano yao niliwahi kuiona nilipokuwa kijana. Mwenye fimbo anasimama, anasema mpaka amalize, hakuna anayemkata. Kimya chao sikijui. Huenda ni cha kukubali, huenda ni cha heshima, huenda kina mambo ambayo mimi na wewe hatujayafikiria. Usikipime kwa kimya cha kwetu, wala kwa kile ulichofundishwa chuoni. Kunywa maziwa yao, kaa na wanawake wanapokama, subiri. Ukijikuta unakimbilia kusema imepita, jiulize ni nani nyumbani kwako unayetaka kumpumzisha. Mimi nilikosea kwa sababu ya mapenzi, ndiyo maana ilinichukua muda mrefu namna hii kuliona kosa.

Nimesikia gari limesimama barabarani, huenda ni wewe. Nimalize.

Nimemwomba Fabiola jambo moja, naye amekubali. Ameleta dumu la maji ya chemchemi, liko jikoni nyuma ya mlango. Chai yako ya kesho, kabla ya gari, itapikwa nayo. Barua hii nitakupa usiku huu ukishakula, ili kesho tuketi mezani ukiwa umekwisha kuisoma. Nitakumiminia mwenyewe, hata kama mkono utatetemeka. Onja taratibu, kisha uniambie kama ina tofauti na ya bomba, maana mimi niliyekudanganya nilikunywa chai ya mama yako miaka yote na sikuitambua.

Ukiwa na neno kwangu juu ya haya, liseme. Ukiwa huna, kunywa chai yako uende salama, mwanangu nikupendaye, na Mungu wa mama yako akutangulie. Lakini ukinyamaza, nitakutazama usoni nisubiri. Sitasema imepita.

Baba yako